Weksili ya Marekani na Kuku wa Bibi Kalunde

Enzi zetu mtoto wa darasa la tano katika mji wetu alijua mji mmoja tu wa Marekani, na aliujua vizuri kuliko wenyeji wake. Alijua uko upande gani wa mto, reli inapita wapi, na kwamba ukitoka kanisani ukashika mkono wa kulia utakuta gereza la zamani lisilo na mfungwa. Mji huo uliitwa Wexley, jimbo la Ohio. Sisi tulisema Weksili, nami nitaendelea kusema hivyo, kwa sababu ndivyo ninavyoukumbuka.

Naandika haya mchana, katika ofisi yangu ndogo huku China, mtaa wa Xiaobei mjini Guangzhou, ndani ya jengo la Tianxiu, nikisubiri wakala aniambie kama mzigo umeingia bandarini Huangpu. Wenzangu wa rika langu mlioko Guangzhou mnakujua kusubiri huko: chai inapoa, simu haiiti, na kila anayepita mlangoni anauliza kama kuna habari. Nimeamua leo nisubiri kwa kuandika, na nitafuata utaratibu: kwanza mahali, kisha watu, kisha tukio. Vijana wetu husimulia kuanzia katikati, halafu wanakuuliza, "Si umenielewa?"

Mji wetu ulikuwa stesheni ya reli ya kati, ukishapita Dodoma na kabla hujafika Tabora. Kusini mwa stesheni kulikuwa na soko, kanisa na shule. Kaskazini kulikuwa na mashamba ya karanga na uwele, na baada ya hapo pori. Barabara kubwa ilikuwa moja na haikuwa na jina, kwa kuwa hapakuwa na nyingine ya kuichanganya nayo. Tulicheza kombolela nyuma ya maghala ya reli, wasichana wakicheza rede kwa mpira wa soksi, mpaka giza linapokaribia na mama zetu kuanza kuita. Mama wa wakati ule aliita mara ya kwanza kwa jina lako, mara ya pili kwa jina lako na la baba yako. Mara ya tatu hakuita, alikuja.

Shuleni kila mtoto alifika asubuhi na ufagio wa majani na kidumu cha maji, kama kibarua anayekwenda kujenga. Saa nne tulikunywa uji ulionukia moshi, na aliyekosa kikombe alisubiri mwenzake amalize, akisimama karibu mno ili mwenye kikombe asisahau. Jiografia tulifundishwa na Mwalimu Mgaya, mtu mrefu, mkavu, asiyecheka, kwa kutumia ramani ya Afrika iliyoliwa na mchwa kuanzia Uganda kwenda juu. Kwa muda mrefu niliamini kwamba baada ya Uganda kuna ukuta.

Parokia yetu ilikuwa na urafiki na kanisa moja la Weksili. Waliandika kwamba watatuletea vitabu vya jiografia. Sanduku likaja kwa treni, likabebwa hadi darasani, na Mwalimu Mgaya akalifungua mbele yetu kwa patasi. Ndani mlikuwa na vijitabu vya kutosha darasa zima, na vyote vilikuwa kitabu kimoja. Jalada lilieleza kwa Kiingereza kwamba humo mna habari za mji wa Weksili, mahali ulipo na maeneo ya kihistoria ya jirani. Nadhani viliandikwa kwa ajili ya watalii, na mtu mwema akaona ramani kwenye kurasa za kati akafikiri vitatufaa.

Mwalimu alikipekua kimoja mpaka mwisho. Akafunika sanduku, akalifunua tena, pengine kwa matumaini. Kisha akasema, "Jiografia ni jiografia. Fungueni ukurasa wa kwanza."

Ndivyo tulivyosoma Weksili mwaka mzima. Mwalimu akiuliza, "Weksili iko wapi?" darasa liliitikia kwa pamoja kwamba iko kwenye kingo za mto mdogo, kaskazini mwa reli, kati ya vilima viwili visivyo virefu. Tuliuchora mji huo kwa majivu kwenye uwanja wa mpira, tukapanga mawe mahali pa majengo, na ukawa mchezo. Mtu alifungwa macho, akaambiwa toka kinuni nenda makaburini, na akikanyaga mto alikuwa amekufa maji. Nilikufa maji mara nyingi katika mto wa Ohio nikiwa sijawahi kuona mto wenye maji ya kunifika magotini.

Maeneo ya kihistoria ndiyo yaliyotutatiza. Palikuwa na daraja lenye paa. Zuhura, msichana aliyekaa dawati la mbele yangu na ambaye ulimi wake uliogopwa hata na walimu, alinyosha mkono.

"Mwalimu, wanaogopa mto usije ukanyeshewa?"

"Wenzetu mvua yao wakati mwingine ni barafu," alijibu Mwalimu, na kwa uso wake tulijua naye alikuwa amekwama hapo hapo.

Palikuwa na kinu cha nafaka kisichosaga. Palikuwa na nyumba alimolala jenerali mmoja usiku mmoja akielekea vitani, na kitanda chake bado kimetandikwa, na mtu haruhusiwi kukikalia. Na palikuwa na lile gereza la chumba kimoja. Kijitabu kilieleza kwamba mfungwa wake pekee alitoroka kupitia dirishani askari alipokwenda kula chakula cha mchana, na kwa ajili hiyo ukutani pamewekwa kibao. Hilo lilitushangaza kuliko yote. Kwetu askari aliyepotewa na mfungwa alihamishwa wilaya, na habari ikafichwa.

Jioni nilimsimulia bibi yangu, Bibi Kalunde, mama yake baba. Nilikuwa naishi kwake. Alisikiliza akichambua mchele.

"Huyo jenerali alilala usiku mmoja tu?"

"Mmoja, Bibi."

"Na godoro hawalianiki?"

"Haliguswi."

"Basi hao watu wana nafasi ya kuchezea, mume wangu. Babu yako kalala chumba hiki mpaka anakufa, na asubuhi yake ndugu zake wakaja kuuliza kitanda nani anachukua."

Aliniita mume wangu kama mabibi wote wa kwetu wanavyowaita wajukuu wa kiume, na kama mume alinituma kuni, maji na dukani.

Bibi alikuwa na kibanda cha chakula, hatua chache kutoka stesheni, kwenye njia ya kwenda kanisani. Kuta zilikuwa za udongo na paa la madebe yaliyokunjuliwa. Alipika wali, maharage, na kuku wa kienyeji kwa mchuzi wa karanga, na wakati wa masika uyoga. Abiria walimjua, mafundi wa reli walimjua. Kibanda hicho ndicho kilichonivisha sare na kuninunulia daftari, na hatukuwa na kingine.

Mteja wake wa kila siku alikuwa Bwana Afya. Vijana wa leo hawamjui Bwana Afya, kwa hiyo nieleze. Alikuwa ofisa wa mji wa kukagua usafi: kaptura ya kaki, soksi ndefu, na kofia yenye nembo. Sheria yake na Bibi ilikuwa moja na haikuandikwa popote. Akija na kofia kichwani alikuwa Bwana Afya. Alipitisha kidole mezani, akachungulia mtungi wa maji, akauliza kwa nini hakuna shimo la taka na kwa nini vyombo havioshwi kwa maji ya moto, na Bibi alijibu, "Nimesikia, Bwana Afya." Kisha alitoka nje, akazunguka kibanda, akaingia kwa mlango wa nyuma, akavua kofia na kuiweka gotini. Hapo alikuwa Baba Neema, mtu wa watu, na Bibi alimvutia kigoda chake cha pembeni na kumwekea paja la kuku. Hakuna aliyewahi kumkosea heshima kwa kuchanganya majina hayo mawili.

Sasa tukio. Padri alitangaza kanisani kwamba wageni wanakuja kutoka Weksili, mzee mmoja na mkewe, watashuka kwa treni na kutembea hadi kanisani. Mji ukaingiwa na homa. Mawe ya pembeni mwa njia yakapakwa chokaa, mbuzi wakafungwa kamba, na hata mzee wa kuokota chupa akapewa shati. Na siku hizo hizo Bwana Afya akaja kwa Bibi akiwa na kofia kichwani, kopo la rangi nyekundu mkono mmoja na brashi mkono wa pili.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Kaa, Baba Neema."

"Leo nina kofia, Bibi."

Bibi akaacha mwiko. Bwana Afya akaeleza, macho yakiwa kwenye brashi, kwamba wageni watapita hapa, kwamba kibanda cha udongo kitautia mji aibu, kwamba hii si kauli yake bali amri kutoka juu.

"Na hiyo juu jana ilikula wapi?" Bibi aliuliza.

Bwana Afya akachovya brashi. Alichora X kubwa ukutani, kwa uangalifu, mistari yote miwili ikiwa sawa, kwa sababu alikuwa mtu wa kazi safi. Akasema Bibi akibomoe kibanda mwenyewe; wageni wakishafika kanisani Jumapili na kibanda kikaonekana bado kipo, Jumatatu watakuja mgambo. Na aliyevunjiwa na mgambo kwetu hakupewa kiwanja kingine karibu na stesheni. Bila stesheni Bibi angempikia nani?

Jioni ile Bibi hakuchambua mchele. Alikaa mlangoni, akaniambia, "Mume wangu, wewe si ndiye msomi? Hebu niulizie hao wa Weksili, mtu akichorewa X anafanyaje."

Alikuwa anatania. Mimi sikujua kwamba anatania. Nilichukua kijitabu nikakisoma mwanzo hadi mwisho, neno kwa neno, nikitafuta jengo lililobomolewa. Sikulipata. Kinu hakisagi na bado kimesimama. Gereza halina mfungwa na bado limesimama. Daraja halipitiwi na gari na bado lina paa. Nikatafuta ni kitu gani majengo yote hayo yanacho ambacho kibanda cha Bibi hakina, nikakipata: kibao. Katika Weksili, kwa kadiri kijitabu kilivyoonyesha, nyumba yenye kibao haivunjwi. Mtu mzima angeona kwamba nimegeuza sababu na matokeo. Nilikuwa darasa la tano.

Bahati ilikuwa kwamba Mwalimu Mgaya naye alikuwa na shida yake. Mwalimu mkuu alikuwa amemwagiza darasa letu liwatembeze wageni mjini, na Mwalimu alikuwa amegundua kwamba baada ya mwaka mzima wa maeneo ya kihistoria ya Weksili, sisi hatuna hata moja. Akasimama mbele ya darasa, mikono nyuma.

"Kila mji una historia," alisema. "Wetu umekosa tu mtu wa kuiandika. Semeni."

Mmoja akataja kisima alimotumbukia beberu wa mwenyekiti akatolewa mzima. Mwingine akataja mahali baiskeli ya kwanza ya mji ilipopinda. Mimi nikanyosha mkono nikasema kibanda cha Bibi Kalunde, kwa sababu treni iliwahi kumsubiri kuku.

"Bibi yako naye anataka ujenerali?" Zuhura akasema, na darasa zima likacheka.

Lakini habari yenyewe waliijua wote. Ilitokea kabla hatujazaliwa, na wazazi wetu waliisimulia kila ilipotajwa treni kuchelewa. Dereva wa treni ya abiria, aliyeitwa Mkude, alisimama stesheni kwetu kupishana na treni ya mizigo. Akaenda kwa Bibi, akaagiza kuku, na Bibi akamwambia kuku bado. Treni ya mizigo ikapita. Mkuu wa stesheni akapiga kengele. Mkude akasema atakwenda kuku akiiva. Mkuu wa stesheni akaja mwenyewe kumkaripia Bibi, na Bibi akamjibu kwamba yeye ana ratiba lakini kuku hana. Abiria wakaja juu, wakateremka kuja kugomba, wakafika mahali harufu ya karanga inapofika, wakauliza kama kuna na wali. Treni iliondoka kila mtu ameshiba, na Tabora walipouliza sababu ya kuchelewa waliambiwa ng'ombe njiani.

Mwalimu Mgaya alisikiliza bila kutabasamu. "Shahidi?" aliuliza.

Mzee Mkude alikuwa amestaafu na anaishi nyuma ya kanisa. Tulikwenda darasa zima, tukampigia magoti, tukamwamkia. Mwalimu akamwuliza kwa adabu kama ni kweli.

"Ni kweli," alisema mzee. "Nanyi mnataka kuiandika ukutani, watu wasome?"

"Kwa ruhusa yako, Mzee. Huko Weksili wameandika kwamba askari alikwenda kula, mfungwa akatoroka. Hawakuona haya."

Mzee Mkude akafikiri. "Mimi hakuna aliyenitoroka. Treni niliikuta palepale. Andikeni."

Ubao ulipatikana kutoka kifuniko cha lile sanduku la vitabu. Rangi Mwalimu aliiazima kwa Bwana Afya, kwa kazi ya shule, na Bwana Afya akaitoa kwa moyo mmoja, iliyobaki baada ya X. Zuhura ndiye aliyekuwa na mwandiko. Kilichobaki ni maneno, na juu ya maneno tuligombana juma zima. Kundi moja lilitaka iandikwe kwamba dereva alichelewesha treni. Sisi wengine tukasema hiyo ni kumshtaki mzee wa watu. Zuhura alitaka Bibi aitwe mama lishe, mimi nikataka aitwe mpishi. Mwalimu alikataa kila neno ambalo shahidi hakulisema. Mwishowe ikawa hivi: HAPA TRENI YA ABIRIA ILISUBIRI KUKU AIVE. DEREVA NI MZEE MKUDE. KUKU NI WA BIBI KALUNDE.

Zuhura aliupigilia Jumamosi, na bila kuambiwa na mtu aliupigilia juu ya X, ikafunikwa sawasawa. "Usifikiri nimefanya kwa ajili yako," aliniambia. "Nimefanya kwa ajili ya ule wali."

Bibi aliutazama ubao. Hakujua kusoma, nikamsomea. "Umesema mambo ya kweli," alisema. "Lakini mgambo, mume wangu, nao hawajui kusoma."

Wageni walishuka Jumapili. Mzee aliitwa Bwana Harold, mwenye miguu mirefu, na mkewe Bi Dorothy, mwenye kofia ya majani pana kama ungo. Tulijipanga mbele ya stesheni na Mwalimu akauliza kwa Kiingereza Weksili iko wapi. Tukajibu. Tukaeleza mto, reli, vilima viwili, kinu, daraja, jenerali na kitanda chake, gereza na dirisha lake. Bi Dorothy alimgeukia mumewe na kumwuliza jambo kwa sauti ya chini. Mwalimu alituambia baadaye kwamba alikuwa anauliza gereza hilo liko wapi. Walikuwa wameishi Weksili maisha yao yote na hawakuwahi kuliona.

Msafara ukaanza: padri, mwalimu mkuu, Bwana Afya akiwa na kofia iliyopigwa pasi, wageni, sisi, na nyuma yetu mji mzima. Wageni walichungulia kisima cha beberu kwa heshima. Kisha tukafika kwa Bibi. Niliona Bwana Afya akitafuta X kwa macho na asiione. Alitazama ubao, akatambua rangi yake.

Mwalimu alitafsiri maneno, kisha kisa kizima. Bwana Harold alianza kucheka kisa kilipofika kwa mkuu wa stesheni, na kilipofika kwenye ng'ombe wa Tabora alikuwa ameegemea nguzo ya kibanda hata madebe yakalia juu. Mzee Mkude, aliyevaa koti kwa siku hiyo, alipewa mkono. Kisha Bi Dorothy akainua pua, kwa sababu Bibi alikuwa jikoni na alikuwa anapika kuku yule yule wa karanga. Akauliza swali. Mwalimu Mgaya akamtazama kwanza Bwana Afya.

"Anasema wangependa kula hapa," alisema. "Lakini daktari wao aliwaonya juu ya vyakula vya njiani. Anaona tuko na ofisa wa afya. Anamwuliza ofisa: chakula cha hapa ni salama?"

Mji mzima ukageuka kumtazama. Bwana Afya akisema si salama, ameuaibisha mji mbele ya wageni, na kila mtu aliyesimama pale alijua alikula wapi jana. Akisema ni salama, X ilikuwa ya nini? Jasho lilimtoka. Akatoa leso, akavua kofia ajifute paji la uso.

Bibi hakuwa anafuatilia Kiingereza. Aliinua kichwa kutoka kwenye sufuria, akaona kofia haipo kichwani, na mkono wake ukafanya kilichozoeleka: akavuta kigoda cha pembeni, akapangusa, akaweka sahani yenye paja.

"Karibu, Baba Neema."

Mtu mmoja nyuma alikohoa. Bwana Afya alitazama kigoda, akatazama kofia mkononi, akamtazama Bi Dorothy aliyekuwa bado anasubiri jibu. Kisha akakaa.

"Mwambie," alisema polepole, "mimi hula hapa."

Mwalimu Mgaya alitafsiri, akaongeza maneno mawili ambayo Bwana Afya hakuyasema, nayo ni "kila siku". Mtu aliyetukatalia kila neno lisilo na shahidi. Lakini mashahidi, nakubali, walikuwa wengi. Wageni wakakaa kwenye benchi. Bwana Harold aliomba kuongezwa mchuzi, na ibada ilichelewa kuanza kwa sababu padri naye aliomba.

Jumatatu niliamka mapema kuwasubiri mgambo. Hawakuja. Alikuja Bwana Afya peke yake, na kofia, na ndoo ya chokaa. Aling'oa misumari, akauweka ubao chini, akaipaka X chokaa mara mbili mpaka ikapotea, akaurudisha ubao. Kisha akazunguka nyuma kama kawaida, akainua mkono kuvua kofia.

"Hapana," Bibi alisema. "Leo utakula nayo. Na utakaa mbele."

Akala na kofia kichwani, akiwa amekaa upande wa barabarani, na kila aliyepita alimsalimia kwa jina la kazi yake. Bibi hakumsema tena. Juma hilo hilo alinituma nichimbe shimo la taka, refu, na tangu siku hiyo vyombo vilioshwa kwa maji ya moto, ambayo bila shaka niliyachota mimi. Kibanda kilisimama mpaka Bibi alipozeeka na kuacha kupika. Baada ya mazishi yake tulikibomoa wenyewe, wajukuu, kwa mikono yetu, kwa sababu hakuna aliyetaka kukiona kinaanguka kidogo kidogo.

Mimi sikwenda sekondari. Mengi ninayoyajua nimejisomea, na ukurasa wa kwanza ulikuwa Weksili. Mpwa wangu Elisha amekuja huku kwa ufadhili, anasoma chuo kikuu, na Kichina anakizungumza kama aliyezaliwa nacho. Lakini nikimwuliza anaishi wapi hanielezi. Ananiambia, "Mjomba, nakutumia lokesheni," na nukta inaingia kwenye simu. Nukta haisemi ukitoka sokoni unashika mkono gani. Siku simu yake ilipoishiwa chaji alinipigia kwa simu ya mwenye duka kuniambia amepotea, na alikuwa nyuma ya bweni lake.

Mwezi uliopita nilikwenda naye mtaa wa Kangle, hapa hapa mjini, kwenye karakana ya mama mmoja anayenishonea mashati kwa miaka mingi. Namwita laoban, yaani bosi, naye huniita hivyo hivyo, na hatujawahi kuulizana majina. Ukutani kwake palikuwa na herufi moja nyekundu ndani ya duara.

"Mjomba, wanabomoa hapa," Elisha alisema.

Nikamwomba amwulize laoban hapa pamewahi kutokea nini.

"Nimwulize nini?"

"Hivyo hivyo nilivyosema."

Akauliza. Mama yule akacheka, akapunga mkono: "Mei you." Hakuna. Akaendelea na cherehani. Tulipokuwa tunafunga mzigo akasimamisha mguu, akasema jambo, akionyesha sakafu kutoka meza ya kukatia hadi mlangoni. Elisha akatafsiri: binti yake alijifunza kutembea hapa, akishikilia majora ya vitambaa, kutoka jora hadi jora, na wateja wakabaki mlangoni bila kuingia mpaka afike.

Elisha alipiga picha ya ukuta, akanitumia na lokesheni. Nilirudi ofisini nikachukua karatasi nijaribu kupata maneno ya kibao cha laoban. Nikaandika, nikafuta. Nikaandika tena, nikakumbuka sikuuliza jina la mtoto, nikafuta. Nimejaribu leo pia, hapa mezani, na bado. Enzi zetu tulikuwa darasa zima kwa kibao kimoja, tulikuwa na Mwalimu wa kutukatalia na Zuhura wa kutucheka, na hata hivyo ilituchukua juma.